Jina la Nsimire na Kalamu Yangu ya Zambarau

Karani wa Dowa hana kosa. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mitatu nilisema kinyume chake. Nilikisema kwenye mikutano ya wazazi, nikakisema ofisini kwa mkuu wa shule, na mara moja nikakisema nje ya kanisa, Biblia ikiwa bado mkononi. Nilisema karani wa ofisi ya elimu ya wilaya, pale Dowa Boma, ndiye aliyeharibu jina la Nsimire. Nilimweleza hata tabia: mtu mvivu, macho kwenye simu, kikombe cha chai juu ya karatasi za watu. Sikuwa nimewahi kumwona. Aliyeharibu lile jina ni mimi, kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikijiona nimefanya kazi nzuri.

Nimestaafu sasa, na ninyi mnaobaki na kabati langu shuleni, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mna haki ya kujua mmerithi nini. Kazi yangu ilikuwa kuwashauri wanafunzi wa sekondari kuhusu vyuo. Nilitakiwa kuwafanya waanze kujiandaa tangu kidato cha kwanza, wasije wakazinduka wiki moja baada ya matokeo ya kidato cha nne na kuanza kutafuta cheti cha ubatizo. Kila mtoto nilimpa jalada la kutunzia karatasi, ambalo sisi watu wa Bukavu tunaliita farde. Wanafunzi wakaniita Madamu Farde. Nilijifanya sipendi.

Nilifika Malawi na shahada ya ualimu kutoka chuo cha kwetu Bukavu. Miezi ya kwanza niliitumia shahada hiyo kuuza vitenge Area 25, mtaa wa Lilongwe. Wateja walifurahia sana maelezo yangu kuhusu rangi na asili ya kila kitambaa, kisha walikwenda kununua kwa jirani. Niliporudi kambini, mkuu wa shule, Bwana Chirwa, Mmalawi mpole mwenye koti moja la kahawia, alinichukua bila kuniuliza maswali mengi. Ofisi yangu ilikuwa nusu ya stoo. Nusu nyingine ilikuwa ya magunia ya unga wa soya. Watoto wengi wamepanga maisha yao mbele yangu huku wakipiga chafya.

Siku ya kwanza Bwana Chirwa alinipa zana tatu: daftari kubwa la majina, mashine ya kutoboa karatasi, na penseli.

“Amayi,” aliniambia. Aliniita hivyo, mama, ingawa alinizidi umri. “Jina la mtoto unaliandika kwa penseli kwanza. Unampa mtoto asome. Akisema ndilo, ndipo unaweka wino.”

Nilimwambia zikomo, yaani asante kwa Kichewa, nikaitia penseli kwenye droo. Moyoni niliona huo ni utaratibu wa shule ya vidudu. Mkobani nilikuwa na kalamu ya wino wa zambarau, zawadi ya siku niliyohitimu, na sikuwa nimevuka nchi tatu nayo ili nije niandike kwa penseli.

Asubuhi hiyohiyo niliingia kidato cha kwanza, nikauliza kila mmoja anataka nini baada ya shule.

“Canada,” akasema wa kwanza.

“Canada,” akasema wa pili.

Wa tatu akasema Australia, na darasa zima likamgeukia kama amesaliti ukoo. Nikaeleza kwamba nauliza kazi, siyo nchi. Kisha msichana wa dawati la nyuma, mrefu, sketi imeongezwa pindo la kitambaa kingine, akanyanyua mkono.

“Muuguzi, Madamu. Ata hapa Lilongwe tu.”

Wenzake walicheka. Kusema unataka kitu cha Lilongwe, mbele ya watu wanaosubiri ndege, ni kama kuomba makombo kwenye harusi. Huyo alikuwa Nsimire.

Wiki hiyo nilikutana na adui mkuu wa kazi yangu, ambaye mtakutana naye na ninyi. Anaitwa Interview. Familia ikishaambiwa kwamba huenda itaitwa kuhojiwa ili ihamishiwe nchi nyingine, haipangi tena kitu chochote. Hapigi mtu bati jipya, hapandi mtu mwembe. Baba yake Nsimire, Papa Bisimwa, fundi cherehani, alikuja ofisini na uzi mweupe umemning’inia begani.

“Madamu, eti we unamupangia mutoto wangu miaka ine?”

“Ndiyo, Papa. Akianza sasa, Form Four haimshtui.”

“Lakini sisi tunangoya interview. Mwaka huu tunaenda.”

“Na kama hamuendi?”

Alinitazama kwa huruma. “Madamu, usituroge.”

Aliniambia hivyo kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne, na kila mara ulikuwa ni mwaka huu. Cherehani yake alikuwa ameipakia kwenye sanduku, tayari kwa safari. Kila asubuhi aliitoa, akashona, na jioni akairudisha sandukuni.

Sasa nifike kwenye kosa. Lilitokea mwezi wa kwanza, na lilitoka moja kwa moja kwenye bidii yangu. Shule ilitakiwa kupeleka Dowa orodha ya kidato cha kwanza. Majina ya orodha hiyo ndiyo yanayofuata mtoto hadi kwenye cheti cha mwisho. Fomu ilikuwa na safu ya jina la ukoo. Ninyi mnajua kwetu mambo yakoje: mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Papa Bisimwa ana watoto watano, na hakuna hata mmoja anayeitwa Bisimwa. Karatasi ya kambi ilisema Nsimire Esperance, na hilo lilikuwa jina kamili, halikupungua kitu.

Lakini mimi nilikuwa mtu wa kupanga mbele. Nikamwona, miaka minne baadaye, mzungu fulani ofisini kwake akisoma maombi ya msichana huyu na kujiuliza kwa nini mtoto haitwi kama baba. Atadhani wameokotana njiani! Nikaamua kumsaidia mzungu huyo ambaye hakuwepo. Sikumuuliza mtoto, sikumuuliza baba. Penseli ilikuwa kwenye droo. Nikaandika kwa wino wa zambarau, kwa herufi nzuri za mtu aliyesoma: Esperance Bisimwa. Nikawafanyia wema huohuo Wakongomani wote wa darasa lile, nikafunga bahasha, nikaenda nyumbani nikiwa mwepesi.

Kosa nililipanda mapema, nikalipa miaka minne ya kukua. Hakuna mshauri aliyewahi kujiandaa vizuri kuliko mimi.

Kidato cha pili zilikuja kadi za mtihani. Nsimire aliingia stoo na kadi yake ameishika kwa ncha za vidole.

“Madamu, huyu njo nani?”

Niliitazama kadi. Hapo ndipo ningeweza kusema. Kurekebisha kungehitaji fomu moja na mhuri mmoja, nusu siku ya kazi.

“Ah, watu wa Dowa,” nikasema. “Karani amechanganya.”

“Basi abadirishe.”

“Atabadilisha. Tutamwandikia. Kuna muda.”

Mimi, niliyekuwa nimebandika ukutani karatasi inayowakataza wanafunzi kusema kuna muda, nilisema kuna muda. Bwana Chirwa naye aliniuliza jioni, bila ukali wowote: “Amayi, ulitumia penseli?” Nikamwambia nilitumia. Aliitikia kwa kichwa. Mwaka uliofuata alistaafu akaenda kwao kaskazini, na nadhani alikwenda akijua.

Kwa nini sikusema? Mshahara haukuwa unatishwa. Wa kujitolea hana mshahara wa kutishwa. Ilikuwa fahari tu. Kambini nilikuwa sina nyumba ya maana wala shamba wala pasipoti. Nilichokuwa nacho ni sifa ya kutokosea karatasi. Watu walikuwa wakiniletea barua za kila aina nizisome, hata za wachumba. Nilihisi sifa hiyo ikianguka, ningebaki mama wa vitenge ambaye hakuna anayenunua kwake.

Nikafidia kwa bidii. Jalada la Nsimire ndilo lililokuwa nene kuliko yote. Nilimfundisha yote niliyowafundisha ninyi: nakala mbili za kila kitu, moja nyumbani na moja shuleni, zote ndani ya plastiki kwa sababu mabati yetu yana siri nyingi msimu wa mvua. Barua ya mwalimu iombwe mwalimu akiwa bado anakukumbuka, si akiwa ameshapakia godoro la kuhamia wilaya nyingine. Kidato cha tatu alitaka kuacha fizikia kwa sababu kipindi kiligongana na mazoezi ya kwaya. Nilikwenda kuongea na kiongozi wa kwaya, mama mwenye kifua cha ngoma.

“We Madamu, Mungu njo anatangulia ao fizikia?”

“Mungu anatangulia, Mama. Ila chuo cha uuguzi hakimuulizi mtu sauti ya kwanza au ya pili.”

Alihamisha mazoezi kwa nusu saa. Aliacha kunisalimia kwa mwaka mzima. Nililipokea kama gharama ya kazi.

Kidato cha nne huja barua ya kujieleza. Hapo mtachoka. Kila mtoto ataandika vita, na kwa mpangilio uleule: risasi, msitu, ziwa, kambi. Sisemi si kweli. Nami nilipita hukohuko. Ila nilizisoma nyingi mpaka nikaanza kusahihisha alama za nukta kwenye misiba ya watu, na siku nilipojikuta nikifanya hivyo nilikwenda nje nikakaa kidogo. Nsimire nilimwambia aandike kitu alichokifanya yeye, siyo alichofanyiwa. Akaandika kuhusu foleni ya kliniki, ambako Jumamosi alikuwa akiwatafsiria akina mama wa Kirundi na Kiswahili kwa wauguzi wa Kichewa. Aliandika kwamba amejifunza njia sita ambazo watu wanaeleza maumivu ya tumbo, na kwamba mbili kati ya hizo hazihusu tumbo. Barua hiyo sikuigusa. Ni karatasi pekee ya kazi yangu yote ambayo sikuigusa.

Alifaulu. Chuo kimoja cha uuguzi cha Lilongwe kikampa nafasi, na wafadhili wa masomo wakakubali. Kikabaki kitu kimoja: kupeleka karatasi halisi. Akapeleka. Siku tatu baadaye aliitwa na msajili wa chuo, mwanamke mwenye sauti ya kukata. Cheti kilisema Esperance Bisimwa. Karatasi ya kambi ilisema Nsimire Esperance. Kwa macho ya chuo kulikuwa na wasichana wawili: mmoja aliyesoma na hajulikani anaishi wapi, mwingine anayeishi na hajulikani alisoma wapi. Alete maelezo ya kiapo kutoka kwa mtu aliyefanya kosa, siyo mtu mwingine. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Mtauliza wale wengine niliowabatiza upya iliwaendeaje. Wengine waliitwa kweli kwenye ndege, na huko walitumia karatasi za kambi tu. Wengine waliingia biashara. Wengine hawakuomba chuo chochote. Katika darasa zima, aliyefuata ushauri wangu kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho alikuwa mmoja tu, kwa hiyo ndiye peke yake aliyefika mahali ambapo kosa langu lilikuwa linamsubiri.

Jumatatu jioni Papa Bisimwa alikuja kwangu, mara hii bila uzi begani.

“Bisimwa ni mimi,” alisema. “Mutoto hawezi kuwa mimi. Nsimire ni jina ya mama yangu, alikufia Bukavu. Huyo karani wa Dowa alimuondoa mama yangu kwa karatasi. Kesho minaenda kumuona kwa macho.”

“Papa, makarani wa Dowa wana kazi nyingi...”

“Atakuwa na moja ya kuongeza.”

Wakaenda, yeye na binti yake. Siku hiyo sikula. Kila nilipomsikia kabaza, mbeba abiria kwa baiskeli, anapiga kengele njiani, nilijua ni wao. Jioni Nsimire alikuja peke yake.

“Karani amesema nini?” nikauliza.

“Amesema liste ilipotea, Madamu.”

Nikapumua. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilipumua, tena kwa sauti. Msichana alikuwa anapoteza chuo, na mimi nilipumua. Aliniangalia. Kisha akafungua jalada lake, lile nililompa akiwa na miaka kumi na minne, akatoa karatasi mbili.

“Nimetayarisha lettre. Nimefanya mbili, kama ulitufundisha. Hii moja inasema liste ilipotea, hakuna mwenye anajua. Papa njo aliniambia niandike hivi.”

“Na ya pili?”

“Ya pili iko sawasawa, ila niliacha nafasi. Hapa.” Aliweka kidole. “Jina ya mwenye kukosea. Nimeandika kwa crayon, inaweza kufutika.”

Barua nzima ilikuwa kwa penseli. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, na nafasi aliyoiacha ilikuwa na urefu wa jina langu, nalo ni refu.

“Karani alikuonyesha orodha,” nikasema.

“Alionyesha. Ni mutu muzuri, alitupatia ata kiti. Papa alikuwa anagombana na mulinzi inje, hakuona.”

“Ukaona nini?”

“Madamu.” Aliinamisha macho. “Kambi muzima, ni nani mwingine iko na bic ya violet?”

Kwa miaka minne alikuwa akisoma maandishi yangu ya zambarau pembezoni mwa kazi zake. Mwandiko wangu aliujua kuliko wa baba yake.

“Kwa nini umesema ilipotea?”

“Nilitaka uchague we mwenyewe. Kama nasema mi, ni kukushitaki. Na Ijumaa njo siku yako.”

Ijumaa ilikuwa sherehe ya kuniaga. Tarehe niliichagua mimi, miezi mitatu kabla, ili isigongane na kitu.

Kesho yake alfajiri nilimfuata Papa Bisimwa kabla hajatoa cherehani sandukuni. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alikunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa.

“Nilimutukana mutu bure kule Dowa,” alisema mwishowe. “Nilimuita majina mabaya. Kwa luga yetu ya Mashi, kwa bahati.”

“Naomba msamaha, Papa.”

“Utamuomba mama yangu. Sasa enda Lilongwe, usiniangalie.”

Alhamisi tulikwenda, Nsimire na mimi, kwa ofisa wa kuapisha. Alikuwa kijana mwenye tai fupi. Aliisoma barua, akainua kichwa.

“Hapa inasema aliyekosea ni mshauri wa vyuo wa shule. Yuko wapi?”

“Ni mimi.”

“Na kosa lilitokana na nini?”

Nsimire alikuwa ameandika kwa uungwana: kutoelewa fomu. Nikamwambia afute, aandike kwamba nilibadilisha jina bila kumuuliza mwenye jina, kwa sababu nilidhani najua zaidi. Barua ilipopitishiwa wino, kijana yule aligonga mhuri kwa nguvu ambayo sikuona kama ilihitajika. Tukapeleka karatasi chuoni. Msajili alikuwa kwenye kikao, tukaambiwa atapiga simu. Simu ya Nsimire ilikuwa haina kioo wala matumaini, tukaacha namba yangu.

Ijumaa mkanivisha kitenge kipya, mkaniketisha mbele, Fanta kulia, kuku kushoto. Mnakumbuka. Mwalimu wa hesabu akatoa hotuba. Alisema kwa miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwa Madamu Farde ikiwa na kosa. Mkapiga makofi. Nsimire alikuwa ameketi dirishani na baba yake. Naye alipiga makofi, taratibu, kwa adabu. Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia saa kumi. Simu ilikuwa mapajani mwangu, na ilipolia niliipokea palepale, hotuba ikiendelea.

“Wewe ndiye uliyeandika Bisimwa?” Ile sauti ya kukata.

Mwalimu wa hesabu alikatiza hotuba. Wote mkanigeukia. Ningeweza kutoka nje.

“Ndiyo, ni mimi,” nikasema. “Jina la Nsimire nililibadilisha mimi. Siyo karani wa Dowa. Nilisema uongo.”

Nilisema kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili, kwa ajili yenu. Mtu mmoja aliweka chupa chini.

“Hilo nimelisoma,” akasema msajili. “Sijakupigia ili uungame. Nina kitabu cha usajili hapa mbele yangu. Niandike jina gani?”

Nilifungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo, na mpangilio wake, na sababu zake. Nikaufunga. Nikanyoosha simu juu ya sahani za kuku hadi dirishani.

Nsimire akasimama. Alitaja jina lake polepole, Nsimire, kisha Esperance, kisha akalirudia, akangoja, kama anamwona mwenzake anavyoandika. Papa Bisimwa alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

“Ndiyo,” Nsimire akasema. “Ndilo. Zikomo kwambiri.” Akaziba simu kwa kiganja. “Papa, ni Lundi. Jumatatu njo naanza.”

“Lundi ya gani?” Papa Bisimwa akauliza. “Na kama wanatuita interview?”

Binti yake alikuwa ameshafungua jalada, ametoa orodha ya maswali, na kwa Kichewa kizuri kuliko changu alikuwa anamuuliza msajili kama blanketi wanatoa wao au anakuja nalo.